Istilahi za Ndoa na Ukaazi: Uhakiki Mfupi

Miongoni mwa istilahi za kiserikali zilizofaulu, "uhamiaji" ina nafasi ya heshima. Kitenzi "hama" kimetiwa katika kauli ya kutendea, likapatikana "hamia", yaani kwenda mahali na kufanya makao huko. Hivyo mhamaji ni yule aondokaye, na mhamiaji ni yule aingiaye. Wala hatukulazimika kuazima neno kokote. Laiti istilahi zote zinazoizunguka zingekuwa na usahihi huo! Makala haya yanapima chache zinazomkabili mgeni aliyefunga ndoa na Mtanzania. Mfano wetu ni Arusha, mji wa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenye barabara iendayo mpaka wa Namanga. Huko watu wa mataifa mengi huishi pamoja na wenyeji wa miteremko ya Mlima Meru, na ndoa baina yao si jambo geni.

Tuanze na "ukaazi wa kudumu". Watu huutaja kana kwamba upo nchini kote Afrika Mashariki. Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania ya mwaka 1995 ina hati za ukaazi za madaraja A, B na C, na zote zina ukomo wa muda. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 ndiyo yenye ukaazi wa kudumu, na humfikiria pia mwenzi wa raia baada ya miaka 3 ya ndoa. Basi neno limevuka Namanga, lakini kitu chenyewe kimebaki upande wa pili. Mfasiri asimpe msomaji jina la kitu ambacho sheria yake haikijui.

Neno la pili ni "mtegemezi", atajwaye katika pasi apewayo mke au mtoto wa mwenye hati ya ukaazi. Kisarufi halina kasoro. Kasoro yake ni kwamba linamhukumu mtu badala ya kueleza hali yake kisheria. Mke alimaye mahindi Ngaramtoni, alishaye ng'ombe na kulea watoto, anamtegemea nani zaidi ya anavyotegemewa? Tunapendekeza "pasi ya mwanakaya", kwa kuwa linataja uhusiano bila kupima mchango wa mtu.

Hoja nzito kuliko hizo imo katika neno "mwenzi". Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kinampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba uraia wa tajinisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Mume mgeni wa raia hakupewa njia hiyo. Yeye hufuata masharti ya jumla: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya ombi, na jumla ya miaka isiyopungua 7 katika miaka 10 iliyoitangulia miezi hiyo. Kiswahili kina uwezo wa kuonyesha tofauti hii waziwazi, kwani mume huoa na mke huolewa. Lakini mwandishi wa tangazo akiandika "mgeni aliyefunga ndoa na raia" au "mwenzi wa raia", kwa nia njema ya kuwa na adabu, ataificha tofauti hiyo. Mume wa binti wa Usa River atalisoma na kutumaini bure, na atakapofika dirishani ndipo atakapoujua ukweli. Kama ubaguzi umo katika sheria, tafsiri iuonyeshe ili wananchi waujadili. Kuurekebisha ni kazi ya Bunge, si ya mfasiri.

Mwisho, "tajinisi" na "kuandikishwa" yasichanganywe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatambua uraia wa kuandikishwa, na mtu yeyote, mume au mke, aweza kuuomba baada ya miaka 7 ya ndoa na raia. Sheria yetu ya 1995 inataja kuzaliwa, kurithi na tajinisi. "Tajinisi" ni neno gumu kwa wengi. Lakini dawa yake ni kulifafanua katika kila fomu, wala si kulibadilisha kwa neno lenye maana nyingine.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu. Heshima hiyo ina wajibu wake: kila istilahi ipimwe kwa kuuliza kama mwombaji atakayeisoma ataijua haki yake.