Miche ya nyanya inahama lini?

Jirani yangu hapa Mbunya, katika jimbo la Ituri, alikuja kuniuliza kama wiki tatu zimetosha kuhamisha miche yake ya nyanya. Nilimwomba aniletee mmoja, na mkebe wake. Umri peke yake haunisaidii. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya usiku huchelewesha mche ambao kule Kasenyi, kwenye joto la Ziwa Albert, ungekuwa umekwisha kujaza chombo chake.

Kitaluni, tazama majani. Yale mawili ya kwanza, membamba na yasiyo na meno, ni ya mbegu. Yalikuwamo tangu ndani ya mbegu. Majani halisi huja baada yake, yana meno pembeni, na ukiyasugua kidogo vidole vinanuka nyanya. Mawili ya hayo yakifunguka, hamisha kila mche kwenye mkebe wake mdogo. Ukisubiri sana, mizizi ya miche iliyobanana inashikana, ukivuta mmoja unachana wa jirani, na mashina yanarefuka na kulegea kwa kugombea mwanga.

Uhamisho wa pili, kutoka mkebe mdogo kwenda chombo kikubwa, ndio unaowashinda wengi, kwa sababu hapo jibu liko chini. Mwagilia saa moja au mbili kabla, pindua mkebe, shika udongo kwa kiganja huku shina likipita kati ya vidole, kisha gonga kitako. Udongo ukivunjika, mizizi bado haijaushika: rudisha, ngoja siku chache. Ukitoka mzima, na nyuzi nyeupe zimetokeza pembeni, wakati ndio huo. Ukikuta mizizi ya kahawia imejizungusha chini kama kamba, majani ya chini yamekuwa ya njano na kichwani kuna ua, umechelewa. Mche wenye njaa hukimbilia kuchanua kabla haujapata mwili wa kubeba matunda.

Hapo watu huruka kutoka mkebe hadi nusu bidoni, wakidhani wanaupa mche nafasi. Mimi nakataa. Udongo usio na mizizi hauna wa kunywa maji yake. Msimu wa mvua, udongo huo unabaki umelowa, hewa inakosekana, mizizi inaoza. Chombo chenye upana kama mara mbili ya kile cha kwanza kinatosha, mradi kitako kimetobolewa.

Zika shina hadi karibu na majani ya mbegu. Nyanya ina bahati hii: shina lililofunikwa na udongo wenye unyevu huota mizizi mipya, kwa hiyo hata mche uliorefuka unaokoka. Lakini ushike kwa jani. Jani likichanika litaota jingine; shina likibanwa na vidole, mche umekwenda.

Udongo nao una masharti. Usichote mahali palipokuwa na viazi mviringo, bilinganya au pilipili: ni ukoo mmoja na nyanya, na mnyauko wa bakteria hukaa ardhini ukingoja. Mche ukishaupata, hakuna dawa ya kuuponya. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ituri ni nchi ya ng'ombe na samadi tunayo, ila iache ioze mpaka harufu iishe.

Kazi hii ni ya jioni. Weka miche kivulini siku mbili au tatu, na ukiona imelala mchana wa kwanza usiimwagie maji tena kwa hofu. Mizizi inatafuta kushika, na jioni mingi husimama yenyewe.

Udongo wa mkebe wa jirani ulitoka mzima. Nyuzi zilikuwa nyeupe pande zote, mmoja tu umeanza kupinda chini. Tulitoboa vibidoni vidogo kwa msumari uliopashwa moto, na kabla ya giza miche kumi na miwili ilikuwa imehama, kila mmoja umezikwa hadi shingoni.