Mshahara wa Mchezaji na Deni la Shabiki

Shabiki wa mpira ana hesabu yake, nayo ni fupi: anayelipwa sana lazima ang'are sana. Asipong'ara, huitwa mwizi. Hesabu hii ndiyo inayotawala mabanda ya mpira hapa Karatu, ambako watu hulipa kiingilio ili kuwatazama Simba na Yanga katika televisheni. Nadhani ina kasoro, tena si ndogo.

Tuchukue mfano wa Clatous Chama, kiungo kutoka Zambia. Alijiunga na Simba mwaka 2018, akauzwa kwa RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, akarejea Simba Januari 2022. Julai 2024, akiwa na umri wa miaka 33, alihamia Yanga. Alipokuwa akianzia benchi huko Jangwani, ndimi zikaugeukia mshahara wake. Ajabu ni kwamba klabu zetu hazina desturi ya kutangaza mishahara. Basi mtu alipimwa kwa tarakimu ambayo mpimaji hajaiona! Aidha, mshahara mnono hutolewa kwa sababu ya yale yaliyokwisha kutendwa, ilhali shabiki huudai kwa yale yatakayotendwa. Bei ikizidi thamani, wa kwanza kuulizwa ni kiongozi aliyekubali kulipa.

Madereva wa watalii wanaopita hapa kwenda lango la Lodoare wanalielewa jambo hili. Mgeni amelipa dola nyingi ili ashuke kreta ya Ngorongoro, na faru asionekane. Dereva hakumuuzia faru; amemuuzia ujuzi wake, macho yake na subira ya kumtafuta. Dereva huyo akisinzia chini ya migunga ya Lerai, mgeni ana haki ya kulalamika. Akimtafuta faru kutwa nzima asimpate, hana deni.

Wapo watakaosema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba fedha nyingi humlevya mchezaji. Kweli, wapo waliolewa. Lakini uvivu una dalili zake: mchezaji harudi kukaba, haufuati mpira alionyang'anywa, hunyoosha mikono kumlaumu mwenzake. Huyo na azomewe. Mpira uliogonga mwamba si uvivu.

Tumkumbuke John Stephen Akhwari wa Mbulu, wilaya ambayo Karatu yetu ilimegwa kutoka kwake. Katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico, mwaka 1968, alianguka akaumia goti, akamaliza wa 57, yaani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Zama zile Olimpiki ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa, si wa mshahara. Sisi tunamheshimu hadi leo. Je, angekuwa analipwa mamilioni, tungemzomea? Nachelea kwamba jibu ni ndiyo. Na kama ni ndiyo, basi fedha imetuharibu sisi watazamaji kabla ya kumharibu mchezaji.

Mabandani humo wamo watoto, nao husikiliza. Wakifunzwa kwamba aliyejitahidi akashindwa ni sawa na mwizi, watakuja kuwapima hivyo wazazi wao, walimu wao, na mwishowe nafsi zao. Tudai jasho kwa sauti kubwa, maana hilo limelipiwa. Bao halina risiti.