Pointi Moja Isipotee

Iambie JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.7, kisha izidishe jibu kwa 10. Mwanafunzi wa shule ya msingi atakujibu 8. JavaScript itakujibu 7.999999999999999, na ukiiamuru ikate desimali ibakize namba nzima, utapewa 7. Kwa mtu anayepanga picha za harusi kwenye tovuti, tofauti hiyo si kitu. Kwa mtu wa Runzewe ni kitu kikubwa. Huku dhahabu hupimwa kwa gramu, na gramu moja ina pointi kumi. Mchimbaji aliyepata pointi moja asubuhi na pointi saba jioni ana pointi nane mkononi. Programu ikimwambia ana saba, imemdhulumu, hata kama aliyeiandika hakukusudia. Tuseme gramu inanunuliwa kwa shilingi 250,000. Pointi iliyopotea ni shilingi 25,000, na aliyeipoteza ameitafuta chini ya ardhi kwa nyundo na tindo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niitazame kwa makini kazi ya mpwa wangu, ambaye hutengeneza kurasa za mtandao hapa Runzewe, kando ya barabara kuu inayotoka Kahama kupitia Ushirombo kwenda Nyakanazi hadi mpaka wa Rusumo. Kazi zake nyingi ni za kawaida: ukurasa wa duka, ukurasa wa shule, ratiba za ibada. Lakini ipo moja ambayo huirudia kila apatapo nafasi, huifumua na kuishona upya. Ni kikokotoo cha dhahabu. Unaandika uzito, karati au vipimo vya kuipata, na bei ya siku. Kinakuonyesha thamani na makato. Hakifanyi jambo lingine, na yeye hataki kifanye jambo lingine.

Chanzo cha kosa lile la pointi kiko ndani kabisa ya kompyuta. Kompyuta huandika namba kwa sifuri na moja tu, na katika uandishi huo moja ya kumi haimaliziki, kama theluthi isivyomalizika ukiiandika kwa desimali: 0.333 na kuendelea bila kikomo. Kanuni inayotumika ulimwenguni kote kwa namba za desimali ndani ya kompyuta ilitangazwa mwaka 1985, nayo hukata mkia huo usiokwisha mahali fulani. Mkia uliokatwa ndio unaojitokeza baadaye katika jibu. Watengenezaji wengi huufunika kwa kuiamuru skrini ionyeshe desimali mbili tu. Jibu hupendeza machoni, ila kosa linabaki chini yake, na ukijumlisha mapato ya wiki nzima linaweza kujitokeza tena.

Mpwa wangu hakufunika. Aliacha kabisa kutunza gramu. Ndani ya ukurasa wake uzito wote ni miligramu, kwa namba nzima: pointi moja ni 100, gramu ni 1,000. JavaScript haikosei katika namba nzima hadi ifike 9,007,199,254,740,991, na hakuna mgodi duniani utakaotoa miligramu nyingi kiasi hicho kwa mpigo mmoja. Hata mtu anapoandika 0.7, haizidishi kwa 1,000, maana kuzidisha huko nako ni kuingia kwenye desimali. Huyachukua maandishi yenyewe jinsi yalivyoandikwa, huyagawa kwenye nukta, upande wa kulia huujaza sifuri mpaka zitimie tarakimu tatu, kisha huunganisha pande mbili. Nukta ikiwa mkato, anaikubali vilevile, kwa kuwa wapo wanaoandika hivyo. Shilingi hukadiriwa mara moja tu, mwishoni kabisa.

Mtumiaji hataona hata chembe ya haya. Ataona pointi nane, basi, kama alivyotarajia. Sehemu kubwa ya kazi ya upande wa mbele wa tovuti iko hivyo, na nadhani ndiyo sababu haisifiwi inavyostahili. Fundi cherehani hugeuza nguo akakuonyesha mshono wa ndani; huyu mshono wake wa ndani hauonyeshiki kwa mteja.

Karati nazo zina habari yake. Dhahabu ya wachimbaji wadogo si safi. Ina fedha ndani yake na madini mengine. Njia inayojulikana ya kupata karati ni kuipima mara mbili, kwenye hewa na ikiwa imezama majini, kisha kugawa uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Dhahabu safi itakupa 19.3, fedha tupu itakupa 10.5. Ukipata 16, na mchanganyiko ukawa wa fedha peke yake, una dhahabu ya karibu karati 18. Broka mzoefu hubeba majibu haya kichwani au kwenye jedwali lililokunjwa mfukoni, na mchimbaji hana budi kumwamini. Kikokotoo kinamwekea mchimbaji jedwali hilo mkononi. Kilichonipendeza zaidi ni kwamba hakitoi jibu peke yake. Chini ya jibu huandika hatua zote: uzito wa hewani, uzito wa majini, tofauti, mgawanyo, karati, thamani kabla ya makato, kila kato na jina lake. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajaza skrini namna hiyo.

“Mjomba,” alinijibu, “asiponiamini, achukue kalamu akague.”

Makato hayatulii. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mwanzoni mwa 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na Machi mwaka huohuo soko la dhahabu la Geita likafunguliwa. Anayeandika viwango hivyo ndani ya hesabu, hapa kimoja na pale kimoja, atakesha akivitafuta kila bajeti inaposomwa bungeni. Mpwa wangu ameviweka pamoja juu kabisa ya faili, kila kimoja na tarehe yake, na tarehe hiyo inaonekana kwenye ukurasa. Msomaji akiona viwango ni vya zamani, anajua asiviegemee.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoiona kuwa kiini cha ufundi huu. Ukurasa huu ni tuli. Maana yake hakuna seva inayoupika upya kila mtu anapouomba, wala hifadhidata inayotunza taarifa za walioutumia. Ni faili lililokwisha kutengenezwa, linakabidhiwa lilivyo. Hivyo ndivyo mtandao ulivyoanza: kurasa za kwanza za Tim Berners-Lee kule CERN, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilikuwa mafaili matupu ya maandishi na viungo, na nakala zake bado zinafunguka leo kwenye simu yoyote. Baadaye tovuti zikawa mitambo mizito, na kila ukurasa ukawa unaundwa upya kwenye seva. Mwaka 2008 Tom Preston-Werner alitoa Jekyll, programu inayochukua maandishi ya kawaida na kutoa kurasa zilizokamilika mara moja tu. Wengine wakafuata, wakiwamo waliotengeneza Hugo, na Zach Leatherman aliyetengeneza Eleventy. Mpwa wangu amezifanyia majaribio kadhaa kati ya hizo, na tovuti za wateja wake huzitengeneza kwa njia hiyo. Gharama ya kuzihifadhi ni ndogo sana, na hakuna nywila ya mitambo ya kuibiwa usiku.

Kwenye biashara ya dhahabu, utuli huo una faida ambayo sijaona ikitajwa kwenye vitabu vya ufundi. Mtu mwenye gramu mia mfukoni hataki mtu ajue. Kikokotoo kinachopeleka uzito wake kwenye seva ya mbali ili kimhesabie, kimekwisha kumtangaza kwa watu asiowajua. Hiki hakipeleki kitu. JavaScript inahesabu ndani ya simu yake mwenyewe, na akifunga ukurasa hakuna kilichobaki popote. Nimeona kampuni kubwa zikiahidi faragha kwa kurasa nyingi za masharti. Kijana huyu ameitimiza kwa kutojenga mahali pa kuweka taarifa.

Kisha kuna uzito wa ukurasa wenyewe. Hapa barabarani mtandao ni mzuri. Ukiacha lami ukaingia porini kwenye maduara ya wachimbaji, simu hutafuta minara mpaka betri inachoka. Seva inapoanza kumjibu mtu, kwa kawaida hutuma kwanza fungu la takribani kilobaiti 14, kisha husubiri simu ithibitishe kuwa limefika, ndipo iongeze. Mahali ambapo kila uthibitisho huchukua sekunde kadhaa, ukurasa unaotosha ndani ya fungu la kwanza hufunguka, na ule usiotosha humwacha mtu akikodolea skrini nyeupe. Kurasa za kawaida za siku hizi hupita megabaiti 2. Kikokotoo chake, pamoja na maandishi, mapambo na hesabu zote, kinaingia ndani ya fungu la kwanza.

Hakufika hapo kwa kudharau zana za kisasa. Alikiandika kikokotoo hichohicho kwa React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013; akakiandika kwa Vue ya Evan You; akakiandika kwa Svelte ya Rich Harris, ambayo hufanya kazi yake nyingi kabla ukurasa haujamfikia mtu na hivyo huacha mzigo mdogo. Kila mara alipima kilobaiti na kukifungua kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. React hudai zaidi ya kilobaiti 40, hata baada ya kubanwa, kabla hujaandika mstari wako wa kwanza. Anaiheshimu na huitumia kwa kazi zinazoihitaji. Kwa vibonyezo vitatu na jedwali moja, aliona JavaScript tupu inatosha.

JavaScript yenyewe ina historia inayomfaa mtu mvumilivu. Brendan Eich aliiandika kwa mara ya kwanza ndani ya siku 10, Mei 1995, alipokuwa Netscape. Kasoro za haraka ile zimo mpaka leo, kwa sababu kuziondoa kungevunja kurasa zisizo na idadi zilizojengwa juu yake. Anayeipenda lugha hii hana budi kuzijua kasoro zake na kuzizunguka kwa heshima. Ndiyo maana sikubali wanaposema ni lugha ya wanagenzi. Ni rahisi kuianza, na ni ngumu kuifanya iwe na uhakika.

Bado sijasema habari ya kutumia ukurasa bila mtandao kabisa. Vivinjari vya kisasa vinaruhusu kipande cha JavaScript kikae katikati ya ukurasa na mtandao, kikitunza nakala ndani ya simu, hivyo aliyeufungua mara moja Runzewe ataufungua tena akiwa porini. Lakini vijana wengi hupeana vitu kwa Xender, simu kwa simu, bila bando. Kwa ajili yao alifunga kila kitu ndani ya faili moja la HTML. Linatumwa kama unavyotuma wimbo, linafunguliwa kwenye kivinjari, linahesabu. Na kwa simu ambayo JavaScript imegoma, chini kabisa kuna jedwali la HTML tupu, karati kwa karati, ambalo macho na kidole vinatosha kulisoma.

Mambo madogo yako mengi. Ukigusa kisanduku cha uzito, simu hutoa vitufe vya namba badala ya herufi. Vibonyezo ni vikubwa, vya kidole chenye vumbi. Maandishi ni meusi juu ya weupe kwa sababu ya jua la saa saba mchana, na mwandiko ni uleule uliomo kwenye simu, usiohitaji kupakuliwa. Alikwisha kuweka rangi ya dhahabu kwenye kichwa cha ukurasa, akaenda nayo juani, haikusomeka, akaiondoa. Kuna kundi la watu wanaopima ustadi wa tovuti kwa vitu vinavyocheza na kuruka kwenye skrini. Wangekiona hiki hakina kitu. Mimi nakiweka juu ya tovuti nyingi za fedha nyingi nilizowahi kufungua, kwa kuwa kila kilichomo kimejaribiwa pale kitakapotumika.

Kwa hiyo nina ombi kwa halmashauri, SACCOS, vyama vya wachimbaji na yeyote anayekaribia kulipia tovuti. Msiikague kwenye kompyuta ya ofisini yenye Wi-Fi. Chukueni simu ya bei ya chini, nendeni nayo mpaka mtandao uanze kusumbua, ifungueni hapo, muiambie ijumlishe 0.1 na 0.7. Ikifunguka na ikajibu sawasawa, mlipeni fundi wenu stahiki yake yote bila kuomba punguzo.