Sataranji njia ishirini, bao njia nne

Chini ya mwembe mmoja pale Samuye, kijana alishika kete hewani hadi mzee aliyecheza naye akachoka kungoja. "Nkoi, utaota mizizi hapo!" Watu wakacheka. Kijana alikuwa anahesabu. Zamu ya mzee ilipofika alitupia jicho vichwa viwili vya bao, yaani mashimo ya mwisho ya safu yake, akatia kete, akala.

Wasukuma wa huko wana bao lao, isolo, lenye kanuni zake. Hawa walicheza bao la Kiswahili, na ni hilo ambalo Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht, Uholanzi, walilitungia programu mwaka 2002. Ugumu wake ni kinyume kabisa na ule wa sataranji.

Anayeanza sataranji ana njia 20 za kucheza, na katikati ya mchezo hufika kama 35. Shida ni upana. Kompyuta ya Deep Blue, iliyomshinda bingwa Garry Kasparov mwaka 1997 kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5, ilipekua nafasi zipatazo milioni 200 kwa sekunde. Hata mashine hiyo haikupekua kila kitu: ikishaona jibu moja la adui linaloharibu mpango, haina haja ya kutafuta majibu mengine. Binadamu hupunguza kazi mapema zaidi. Mholanzi Adriaan de Groot aliwataka wachezaji wafikiri kwa sauti, na katika kitabu chake cha 1946 akaeleza kwamba mabingwa hawakutazama mbali sana kuliko wachezaji wazuri wa kawaida. Waliwapita kwa kuanza na njia zinazofaa.

Sasa njoo kwenye bao. Kila mtu ana kete 22 mkononi na 10 ubaoni: sita katika shimo liitwalo nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Anayeanza hana cha kula, kwa hiyo anatakata, yaani anasambaza kete bila kula, na njia zake ni nne tu: mashimo mawili, kila moja kulia au kushoto.

Tuseme ametia kete shimo la saba kutoka kushoto kwake. Zimekuwa tatu, anazipeleka kushoto. Moja inaingia shimo la sita, moja nyumbani, ya mwisho inalala shimo la nne, uso kwa uso na nyumba ya mwenzake. Inapendeza, lakini zamu ni ya yule. Kula ni lazima, na shimo pekee linalomwezesha kula ni nyumba yake: anatia kete humo, anaokota ile moja, anaiweka kichwa cha kushoto au cha kulia. Njia mbili, basi. Mti mwembamba hivi kompyuta inaupanda bila jasho.

Anayetoka jasho ni mtu. Hatua ya sataranji kwa kawaida hugusa miraba miwili na ubao mwingine unabaki ulivyo. Bao likichangamka, zamu moja inakula, inarudi kichwani, inasambaza, inakula tena, na ubao wote unageuka. Kompyuta huona ni kujumlisha moja moja tu, ingawa nayo ina mtego wake: zipo nafasi ambazo mwendo mmoja hauishi kamwe, kwa hiyo mtunzi wa programu lazima aiwekee kikomo. Sijawahi kuona watu chini ya mwembe wakihitaji kikomo hicho. Chakula cha mchana huwahi.

Mzee wa Samuye, alipoulizwa na kijana alivyojua mahali kete ya mwisho itakapoangukia, hakutaja hata shimo moja la katikati. "Nimekula nane. Nane ukianzia kichwa hiki zinaishia kichwa kile. Kile nilikuwa na kete, na mbele yake wewe ulikuwa nazo. Nikila pale naanzia palepale, narudi." Kete zile sita za njiani hakuwa amezitazama.