Picha Zisizoagizwa na Mtu

Mgeni anayetua uwanja wa ndege wa Bangboka na kamera shingoni hushauriwa mapema aitie mkobani. Katika viwanja vya ndege vya Kongo, askari, ndege na majengo si vya kupigwa picha, na mbishi huishia kujieleza ofisini kwa muda mrefu kuliko safari yenyewe. Basi picha za Bangboka huanzia nje ya lango, kwenye kilomita 17 hivi za kuelekea Kisangani mjini, na hapo mpiga picha wa ridhaa hapungukiwi kitu.

Mwenzake wa kulipwa huitwa harusini na kwenye mahafali. Hupiga alichoagizwa, akachukua chake, akaondoka. Wa ridhaa hakutumwa na mtu, na hiyo ndiyo mali yake kubwa. Anaweza kuchuchumaa mbele ya chupa za mawese zilizopangwa kando ya njia bila kudaiwa sababu. Mawese yakitulia hujitenga: mazito ya rangi ya chungwa hukaa chini, mekundu maangavu hubaki juu. Chupa ikitazamwa jua likiwa nyuma yake, mpaka wa mafuta hayo mawili huonekana wazi, umejipinda kidogo ukutani mwa chupa. Muuza mawese ameuona mpaka huo maisha yake yote. Mpita njia huuona siku anapolazimika kuuweka katikati ya picha.

Mwanga wa hapa una masharti yake. Bangboka iko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, hivyo jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na robo mwaka mzima, tena hupanda wima. Ikifika saa nne macho ya watu yameshaingia kivulini, na adhuhuri za Machi na Septemba mtu hukanyaga kivuli chake mwenyewe. Anayejua kazi hutoka alfajiri, au husubiri mawingu, ambayo si adimu mahali panaponyesha karibu kila mwezi. Mawingu hulainisha nyuso na kurudisha rangi za majani. Ubaya ni unyevu: huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba nyeupe zisizofutika kwa ncha ya shati.

Mvua nayo huacha madimbwi. Mpiga picha Kiripi Katembo, aliyezaliwa Goma mwaka 1979, aliona kwamba wakazi wengi wa Kinshasa hawapendi kuelekezewa kamera, akaamua kuielekeza chini. Alipiga taswira za watu na nyumba ndani ya maji ya barabarani, kisha akazigeuza juu chini, mawe na takataka za dimbwi zikawa zinaelea angani. Malaria ilimchukua mwaka 2015. Hakuwa wa ridhaa, alikuwa msanii aliyesomea uchoraji, lakini njia yake haihitaji zana kubwa: simu yoyote na dimbwi lolote vinatosha.

Wanyama ni habari nyingine. Anayedhani msitu wa Tshopo, mkoa wa Kisangani, ni Serengeti iliyoongezwa miti hukata tamaa siku ya kwanza. Chini ya miti mirefu mwanga ni hafifu mno, na mnyama hukusikia kabla hujamwona. Okapi alitambuliwa na sayansi mwaka 1901, lakini ilibidi kungoja hadi 2008, kwa kamera za kujipiga zilizotegwa katika hifadhi ya Virunga, ndipo zikatangazwa picha zake akiwa huru porini. Heri kuanza na mnana. Ndege huyu hujenga kwa makundi kwenye michikichi iliyo karibu na nyumba, na watu hawamshughulishi. Dume huchana uzi wa jani, huusuka kwa mdomo, kisha hujining'iniza chini ya kiota, kichwa chini, akipiga mabawa kumwita jike. Kosa la wengi ni kumfukuza kwa lenzi kila anakoruka. Kamera ielekezwe mlangoni mwa kiota, atarudi tu.

Mkoa huu umewahi kulipwa vizuri na watu ambao picha haikuwa kazi yao. Herbert Lang, Mjerumani aliyetumwa na makumbusho ya New York mwaka 1909 pamoja na kijana James Chapin, alipitia Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akielekea misitu ya kaskazini-mashariki. Ufundi wake ulikuwa kuhifadhi ngozi za wanyama, si picha. Alipomaliza mwaka 1915, alikuwa na negativu karibu 10,000.

Kisha kuna Opala, mji wa mkoa huohuo, mwaka 2007. Kikundi cha watafiti wa John na Terese Hart kilimkuta tumbili mchanga wa kike akifugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Wenyeji walimwita lesula. Kikampiga picha. Wawindaji wa bonde la mto Lomami walikuwa wakimjua siku zote, lakini wataalamu walioiona picha ile hawakuweza kumfananisha na tumbili yeyote wa vitabuni. Uchunguzi wa mafuvu na vinasaba ulifuata, na mwaka 2012 akatangazwa kuwa spishi mpya, *Cercopithecus lomamiensis*. Wangapi walikuwa wamepita uani pale wakaona tumbili tu?

Huko Tanzania picha ilibeba mzigo mzito zaidi. Tumbili aitwaye kipunji alipotangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2005, hakuna aliyeuawa ili mwili wake uwe kielelezo cha spishi. Kielelezo kilikuwa picha ya dume mzima wa msitu wa Ndundulu. Baadhi ya wanasayansi walinuna, na si bila sababu. Baadaye kipunji mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima Rungwe, na mwaka 2006 vinasaba vyake vikaonyesha kwamba anastahili jenasi yake peke yake, jambo ambalo picha isingeweza kulisema. Lakini picha ya Ndundulu ilikuwa na kitu kinachokosekana kwenye simu nyingi za Kisangani zilizojaa ndege na vipepeo: ilijulikana imepigwa wapi na lini.