Ustadi wa Kugawa Utakatifu

Dini ya asili ya Waborana, ambao kundi lao la Waso linaishi kando ya mto Ewaso Ng'iro katika kaunti ya Isiolo, haina hekalu wala msahafu. Ina Mungu mmoja, Waqa, na ina mpango wa vyeo na shughuli uliosukwa kwa ustadi wa hali ya juu. Atakaye kuuelewa mpango huo na aangalie kwanza wakubwa wake wamekatazwa nini.

Waborana wote wako katika nusu mbili, Sabbo na Gona. Wa Sabbo huoa Gona na wa Gona huoa Sabbo, hivyo kila nyumba ina wajomba upande wa pili. Kila nusu ina kuhani wake mkuu, qallu: wa Sabbo hutoka katika ukoo wa Karayu, wa Gona katika ukoo wa Oditu. Cheo hiki ni cha kurithi, na masimulizi husema kwamba qallu wa kwanza alishuka kutoka mbinguni. Mtu wa asili hiyo angetarajiwa kuwa mfalme. Lakini qallu habebi silaha, wala haruhusiwi kushika uongozi wa Gada, utaratibu wa marika ambao ndani yake madaraka hukabidhiwa kila baada ya miaka 8. Kazi yake ni kubariki na kusimamia uchaguzi wa viongozi wa Gada. Msimamizi wa uchaguzi hagombei: jambo dogo hilo, ambalo nchi zenye katiba nene bado zinahangaika nalo.

Viongozi wa Gada nao wana mipaka yao. Mkuu wao, Abba Gada, hutumikia muhula wake mmoja tu, na rika la mwana huingia madarakani miaka 40 baada ya rika la baba, kwa hiyo hakuna anayeweza kumwachia mwanawe kiti. Sheria hupitiwa upya katika mkutano mkuu, Gumi Gayo, unaokutana kila miaka 8, na huko hata Abba Gada huhojiwa, na akikosa huweza kuondolewa. Watunzi wa michezo ya ulimwengu wa kubuni, kama RuneQuest iliyotoka Marekani mwaka 1978, hupanga madhehebu yao kwa ngazi na kwa nguvu anazozipata muumini kila apandapo. Waborana wangeanza na miiko.

Katika mafundi wote wa dini hii, anayestahili sifa zaidi ni ayantu, mhesabu wa siku. Kalenda anayoitunza ina siku 27 zenye majina, na kila siku ina ayana yake, yaani tabia na bahati iliyozaliwa nayo. Mwezi mwandamo nao una siku 29 au 30. Hesabu hizo mbili hazilingani, na hapo ndipo kazi ilipo. Mwezi huu ukianza kwa jina fulani, ujao utaanza majina mawili au matatu mbele. Miezi 12 hufanya siku 354. Majina 27 yakizunguka mara 13 yanafika 351. Basi mwaka mpya huanza majina matatu mbele ya uliopita. Ili asipoteze njia, ayantu hulinganisha mwezi na nyota, zikiwamo Kilimia, ambacho Waborana hukiita Busan, na ile nyota kali ya Sirius. Yote haya hukaa kichwani, bila karatasi. Asmarom Legesse, msomi mzaliwa wa Eritrea, aliyaeleza katika kitabu chake Gada cha mwaka 1973. Qallu pamoja na utakatifu wake wote hawezi kujipangia siku ya ibada kwa kupenda kwake. Siku ina mwenyewe wa kuihesabu.

Ngazi ya mwisho iko jikoni. Buni zikiwa na maganda yake hukatwa ncha, aghalabu kwa meno, kisha hukaangwa katika samli mpaka zianze kupasuka. Kahawa hapo imechinjwa, nayo huhesabiwa sadaka kama mnyama. Mzee wa nyumba huomba amani, mvua, watoto na mifugo, na kila anapotua waliokaa huitikia. Baadaye buni hutafunwa, na samli iliyobaki hupakwa usoni na nywelani.

Sadaka hii ya nyumbani ndiyo iliyowavusha Waborana wa Waso. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwatengea eneo lao Isiolo, mbali na makao ya qallu yaliyoko kusini mwa Ethiopia, na katika miongo iliyofuata wengi wao wakasilimu. Vita vya Shifta, vya waasi waliotaka kaskazini mashariki ijitenge na Kenya, kuanzia 1963 hadi 1967, vikateketeza mifugo. Mario Aguilar, aliyetafiti Garba Tula na kuandika Being Oromo in Kenya (1998), alionyesha jinsi ibada ya kahawa ilivyopata nguvu mpya katika nyumba zilizopungukiwa na ng'ombe. Zikawapo pia ngoma za ayana, neno ambalo hapa humaanisha pepo wapandao vichwani, na heshima kwa Sheikh Hussein wa Bale, ambaye kaburi lake huzuriwa na mahujaji wengi. Maulamaa wenye msimamo mkali huzilaumu zote mbili, na lawama zao zinaeleweka: humo kiongozi hupatikana bila kupitia chuoni.

Anayetaka kuuona ustadi huu ukifanya kazi asianzie kwenye orodha ya urithi ya UNESCO, ambamo Gada iliingizwa mwaka 2016 kwa jina la Ethiopia. Atafute mwaliko wa harusi Garba Tula au Merti, na afike mapema, kabla samli haijapata moto.