Sauti ya Mukesh Kivinje

Niseme mapema, ili msomaji asije akanidhania vibaya: Mohammed Rafi alikuwa mwimbaji mkubwa kuliko Mukesh. Hata wapenzi wa Mukesh, ukiwabana vizuri, hulikubali jambo hili huku wakitazama pembeni. Rafi aliweza kupanda mpaka sauti ikawa nyembamba kama uzi na isikatike. Aliimba ya ibada, ya mlevi, ya mwenda wazimu na ya bwana harusi, na kila moja ukaiamini. Mukesh hakujaliwa hayo. Sauti yake haikuwa na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, ilipitia puani, na akipelekwa juu kuliko mazoea yake ilitetereka. Nyimbo zenye mapindo mengi ya muziki wa jadi wa Kihindi walipewa wengine. Aliacha nyimbo elfu moja na kitu, na Rafi maelfu kadhaa.

Hata hivyo, Kilwa Kivinje nilikokulia, aliyeimbwa midomoni mwa watu alikuwa Mukesh. Rafi tulimsikiliza, Mukesh tulimwimba. Nimekaa miaka mingi nikiitafuta sababu ya tofauti hiyo, na kila nikiitafuta hunirudisha kwa mtu mmoja, naye ni baba yangu mdogo.

Baba mdogo alikuwa baharia wa jahazi lililochukua chumvi na boriti za mikoko. Ndiye aliyeleta Awaara nyumbani kwetu. Aliiona Lindi, katikati ya miaka ya 1950, jahazi lilipokuwa likingoja upepo. Picha yenyewe ni ya mwaka 1951, lakini picha za Kihindi hazikuwa na uzee pwani hii. Zilirudi tena na tena, na watu wakazirudia kama wanaorudia maulidi, wakijua kila kinachokuja. Baba mdogo alisema ameiona mara kumi na moja. Mara ya mwisho alinichukua na mimi, nikiwa na miaka kama kumi na miwili. Nilitapika njia nzima kutoka Kilwa mpaka Lindi, na usiku ule nikakaa gizani kati ya mabaharia na wake wa wafanyabiashara nikamwona Raj Kapoor akitembea barabarani na suruali iliyopanda juu ya vifundo vya miguu.

Nilidhani ni yeye aliyekuwa akiimba. Baba mdogo ndiye aliyeninong'oneza kwamba sivyo, kwamba yule staringi anachezesha midomo tu, na mwenye sauti yuko Bombay wala hatumwoni. Sikulala usiku ule. Hata leo sijaizoea habari hii, kwamba mtu mmoja ampe mwingine sauti yake, na yule mwingine apendwe kwayo.

Jina lake kamili ni Mukesh Chand Mathur, mzaliwa wa Delhi, mwaka 1923. Alianza kwa kutamani kuwa staringi, na kwa kweli alicheza katika picha chache, lakini uso wake haukuwavuta watu. Wimbo uliomtoa ulikuwa katika picha ya Pehli Nazar ya mwaka 1945, na ukiusikiliza leo unamsikia K. L. Saigal mtupu, aliiga kila kitu cha mkubwa yule, hata pumzi. Ilimchukua miaka kadhaa kulivua joho la Saigal. Jambo moja huwashangaza wengi: katika Andaz ya mwaka 1949, wamo Dilip Kumar na Raj Kapoor pamoja, na Mukesh alimwimbia Dilip Kumar. Raj Kapoor aliimbiwa na Rafi! Kwa hiyo sauti ile haikuzaliwa na uso ule. Tayari Raj Kapoor alikwisha mtumia Mukesh katika Aag, picha yake ya kwanza kuiongoza, mwaka 1948, lakini ni Awaara iliyowafunga pamoja, kwa muziki wa Shankar na Jaikishan na maneno ya Shailendra na Hasrat Jaipuri.

Sasa niuseme ule wimbo wenyewe, maana ndio ulionifanya niandike. Muziki wake ni wa furaha. Unachangamka, unatembea, mguu hauwezi kutulia. Kijana anatembea mjini akiwachekea watu na kuwatania. Lakini sikiliza sauti. Kila mwisho wa mstari Mukesh anaishusha kama mchukuzi anayetua mzigo, si kwa kuutupa, bali kwa kuuinamia. Ngoma inacheka na mwimbaji hacheki. Rafi angeuimba wimbo ule angeupa uchangamfu wake wote, nasi tungepata wimbo mzuri wa kijana mtundu, basi. Mukesh, kwa ile sauti yake isiyo na hila, alituachia ufa kati ya muziki na mwimbaji, na kwenye ufa ule ndimo alimoingia baba mdogo.

Awara maana yake ni mzururaji, mtu asiye na kwao. Mimi kwa miaka mingi nilidhani ni jina la yule kijana. Baba mdogo alijua maana yake tangu mwanzo, aliambiwa na tajiri mmoja wa Kihindi pale Kivinje aliyekuwa na duka la nguo na gramafoni. Jioni tajiri yule aliifungulia gramafoni dirisha, nasi tukakaa barazani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sidhani kama aliwahi kumkopesha mtu zaidi ya mara moja, lakini mwambie akueleze wimbo, duka lingeweza kufungwa apendavyo. Baba mdogo alimwuliza mstari kwa mstari. Baada ya mwaka 1971, nyumba za kupangisha zilipotaifishwa, Wahindi wengi wa pwani yetu walianza kuondoka, na tajiri yule naye akaondoka. Siku ya kuaga alimpa baba mdogo santuri ya Awaara. Baba mdogo hakuwa na gramafoni, wala hakuna aliyebaki nayo mtaani. Santuri zile za zamani huvunjika kama sahani. Akaiviringisha ndani ya kanga na kuiweka sandukuni, ikakaa kimya.

Baadaye alihamia Dar es Salaam. Bahari ilikuwa haimlipi tena. Alifanya ukuli, akauza kahawa, akalinda maduka ya watu usiku. Mwaka 1983, zile siku za kuwasaka mijini watu wasio na kazi ya kujulikana, alichukuliwa pamoja na wengine, akarudishwa Kilwa. Kosa lake lilikuwa uzururaji. Mtu aliyeanza kazi akiwa na miaka kumi na mitatu!

Nilikuwa nikifundisha Lindi wakati huo, nikaenda kumwona. Hakulalamika. Aliniuliza tu, huku akitengeneza wavu usio wake, "Mwanangu, unajua wanaitaje kwa Kihindi?" Nikasema sijui, Baba. Akaniambia. Ndipo nilipojua, nikiwa mtu mzima mwenye wake na watoto, kwamba wimbo nilioupigia mluzi tangu utotoni haukuwa jina la mtu. Akauimba. Aliuimba polepole sana, bila ngoma ya furaha, na ikawa kana kwamba ule uchangamfu wa Shankar na Jaikishan ulikuwa nguo tu, na sasa umevuliwa. Tangu siku hiyo siwezi kuusikia kwa mwendo wake wa asili bila kuona kwamba wanauharakisha.

Hapa mhakiki wa haki ataniambia kuwa namsifu baba mdogo, si Mukesh. Labda. Lakini najiuliza ni wimbo gani wa Rafi ambao baba mdogo angeweza kuufanya hivyo. Nyimbo za Rafi zimejaa Rafi. Ukitaka kuziimba lazima uwe na koo lake, na ukiwa huna unaaibika. Za Mukesh zina nafasi tupu. Silabi moja, sauti moja, mara chache sana anaipinda. Na hili lina maana kubwa kwa Mswahili. Maneno yetu yote huishia kwa vokali, kwa hiyo sauti ya kuvutwa hupata mahali pa kukaa; na mtunzi aliyelelewa na shairi la mizani nane kwa nane hupata kwa Mukesh kipimo anachoweza kukijaza bila kukiumiza.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema taarabu za mahadhi ya Kihindi ni wizi mtupu. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alipitisha maisha yake akiweka mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi ya picha za Kihindi, na mashairi mazito, ya watu wanaojua vina. Penye kasoro tuseme: mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na mstari wa Kihindi mara nyingi hulemea vokali ndefu ya mwisho. Mwimbaji asiye makini hulazimisha, neno likatoka limevunjika shingo, na msikilizaji hajui anaambiwa nini mpaka ubeti wa pili. Nimesikia harusini nyimbo za namna hiyo nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Baba mdogo naye alikuwa na maneno yake ya Kiswahili juu ya lahani ya Mukesh, ya kumwaga mwanamke wa Songo Songo aliyeolewa na mwingine. Hayakuwa mashairi makubwa. Lakini hakuvunja shingo ya neno hata moja.

Kati ya kazi zote za Mukesh wengi hutaja Sangam, ya mwaka 1964. Mimi naiona huzuni yake ina sukari nyingi. Mukesh akiachiwa alie, hulia kupita kiasi. Hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mtu wa kujizuia kulia, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kama wataka kumsikia alivyo, tafuta Teesri Kasam ya mwaka 1966. Raj Kapoor humo ni mwendesha gari la ng'ombe, mshamba asiye na werevu wa mjini, na Mukesh anaimba kama mtu aliye safarini ambaye hajui kama kuna anayemsikia. Picha ilitengenezwa na Shailendra mwenyewe, yule mtunga maneno, ikaanguka sokoni, naye akafariki Desemba mwaka huohuo. Nilipoiona, nilifikiria majahazi. Mtu anayeongoza chombo usiku wa kusi huimba vivyo hivyo, nusu kwa ajili yake, nusu asilale.

Tuzo alizipata. Mwimbaji mwanamume wa kwanza kupewa tuzo ya Filmfare ni yeye, kwa wimbo wa Anari, picha ya mwaka 1959, na alizipata nyingine baadaye, ya mwisho kwa Kabhi Kabhie ya mwaka 1976, akiwa amekwisha kufa. Alifariki Agosti 27, 1976, Detroit, Marekani, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa katika ziara ya maonyesho na Lata Mangeshkar. Lata ndiye aliyerudi India na maiti. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Husimuliwa kwamba Raj Kapoor alisema amepoteza sauti yake, na kwa mara moja msemo wa namna hiyo haukuwa wa kutia chumvi.

Kwenye miaka ya mwisho ya baba mdogo, simu zilikuwa zimekwisha fika Kivinje, na mjukuu wake alikuwa akimtafutia nyimbo. Mzee hakuona vizuri tena, lakini masikio yalikuwa yake. Nilikwenda kumjulia hali nikamkuta anasikiliza ule wimbo wa Shree 420, picha ya mwaka 1955, Raj Kapoor na Nargis wakiwa chini ya mwavuli mmoja katika mvua. Alikuwa akiitikia kwa kichwa. "Mukesh huyu," akasema, "hakuna mwingine."

Sasa mimi, kwa ujuaji wangu wa vitabuni, nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, Baba, wimbo huu hakuimba Mukesh. Humo picha nzima Mukesh ameimba nyimbo tatu tu. Huu ni wa Manna Dey, pamoja na Lata. Nikamtolea na ushahidi, mjukuu akasoma kwenye simu.

Alikaa kimya kwa muda. Nikajuta, maana wimbo ule alikuwa ameuimba kama wa Mukesh kwa zaidi ya miaka hamsini, baharini, gulioni, na pengine mbele ya yule mwanamke wa Songo Songo. Kisha akamwambia mjukuu aurudishe mwanzo. Akausikiliza mpaka mwisho, macho yamefumbwa.

"Basi," akasema, "siku hiyo Manna Dey alimwimbia Mukesh."